Baiskeli Njiani, Mzigo Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa spana. Nilifika asubuhi kwenye kibanda cha Fundi Mkuu pale Temeke nikiwa na shati safi, nikidhani nitaanza kwa kubadilisha tairi. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, alinipa mnyororo uliovuliwa, kopo la mafuta ya taa na mswaki uliochakaa. Nikauosha, nikampelekea.

"Umeona nini?" akauliza.

"Mnyororo umetakata, fundi."

"Sikukuuliza umefanya nini. Kaoshe tena."

Niliporudi mara ya pili nilimwambia kuna pingili moja haikunjiki kama nyingine. Akanirudisha. Mara ya tatu nikamwambia pingili zote zimelika zaidi upande mmoja, kwa hiyo baiskeli ile lazima ilikuwa inauvuta mnyororo wake mshazari. Hapo ndipo aliposogeza kigoda kwa mguu na kusema, "Sasa kaa."

Umri wa kufundishwa kuosha vitu nilikuwa nimeshaupita. Shule niliiachia darasa la tano. Siku hiyo mafundi walikuja kufungua pampu ya kisima cha jirani. Mwalimu akiwa anaandika ubaoni, mie nikatoka kwenda kuangalia pampu, na kusema kweli sikurudi. Marehemu baba yangu alikuwa mchonga vinyago, alikuja mjini kutoka Newala na patasi zake ndani ya gunia. Alitaka nirithi mpingo. Mie nilikuwa nikikaa pembeni yake nikichunguza kwa nini keekee yake ya kutobolea inazunguka. Tangu hapo nimefanya kazi sehemu nyingi, na kila mkuu niliyemuaga alisema mguu wangu hautatulia. Walisema kweli, na wala sijawahi kuwakasirikia.

Nawaandikia nyie mnaoanza ufundi wa baiskeli sasa hivi, wakati baiskeli za mtumba zimejaa za kila namna. Kazi ninayojivunia kuliko zote ni baiskeli moja ya kukunja, mali ya mpishi wa shule aliyeitwa Rehema, mama ambaye ajira yake ilikuwa imebaki kuning'inia kwenye mnyororo. Baiskeli ile ilikuwa na gia sita, mie nikaiacha na moja. Ila yale niliyoyatumia kuiokoa niliyaokota kwa wakuu mbalimbali, na hamtanielewa nisipowapitisha kwao kwanza.

Kwa Fundi Mkuu niliokota neno "kupumua". Baiskeli ya gia moja haina kitu cha kuuvuta mnyororo. Unalaza gurudumu la nyuma kwenye mkato wa fremu, unalivuta mpaka mnyororo unyooke, unafunga nati. Wengi huvuta mpaka mnyororo uwe kama kamba ya kuanikia nguo. Fundi Mkuu alikuwa anakupiga kofi la mkononi ukifanya hivyo.

"Uachie upumue," alikuwa anasema. "Hakuna gia ya duara kamili duniani. Zungusha pedali taratibu. Kuna mahali mnyororo utakaza na kuna mahali utalegea. Ukipimia pale ulipolegea, ukifika pale panapokaza utavunja kitu. Pimia panapokaza."

Basi tulikuwa tunazungusha pedali huku kidole kikiwa juu ya mnyororo, tunasikiliza kwa ngozi. Mpaka leo kidole changu cha shahada kina weusi ambao sabuni imeshindwa kuutoa.

Niliondoka Temeke kwa sababu ya guta. Kiwanda kidogo cha mikate kilikuwa na yadi ya maguta, zile baiskeli za magurudumu matatu za kubebea mizigo, na nilikuwa nazipita kila siku bila kuelewa zinakataje kona. Nikaenda kuuliza, nikaajiriwa. Mkuu wangu pale alikuwa na cheo cha Msimamizi wa Magari, ingawa hapakuwa na gari hata moja. Alikuwa hapendi mtu acheke jambo hilo.

Msimamizi wa Magari alinifundisha kuchagua gia. Gia ya nyuma yenye meno mengi hurahisisha mlima, lakini kwenye tambarare unakanyaga kama unapiga cherehani bila kufika. Yenye meno machache huenda mbali kwa kila mzunguko, lakini ukikuta mchanga itakushusha. Kijana mmoja wa kusambaza mikate alipolalamika guta lake ni zito, Msimamizi hakulisogelea guta. Alimuuliza, "Unapita wapi?" Yule akataja barabara zake. "Mlima uko mwanzo au mwisho? Unaupanda umejaza au umeshauza?" Alipomaliza kuuliza ndipo aliponiambia meno mangapi nifunge. Nikajifunza kwamba gia haichaguliwi karakanani, inachaguliwa njiani.

Baada ya hapo nilisikia Kinyerezi wanajenga mitambo ya umeme wa gesi. Sikuwa nimewahi kuona gesi ikigeuka umeme, kwa hiyo nikaaga. Mitambo yenyewe sikuruhusiwa kuisogelea, lakini eneo lilikuwa kubwa na vibarua walikuwa wanazunguka kwa baiskeli kupeleka vifaa, na mtu wa kuzitengeneza alihitajika. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa bara, mwenye lafudhi ya kuzikokota sauti, na hakuwahi kuonekana bila uzi mfukoni.

Kwake niliokota "mstari". Gia ya mbele na gia ya nyuma lazima zitazamane uso kwa uso, mnyororo upite kati yake bila kupinda. Ukipinda, unasaga meno, unapiga kelele, na mwisho unaruka. Siku moja nilimkabidhi baiskeli nikasema iko sawa.

"Umepima?"

"Nimeangalia, mkuu."

"Sijakuuliza kama una macho."

Akatoa uzi wake, akaulaza kutoka gia ya mbele hadi ya nyuma, na tukaona wote wawili kwamba gia ya nyuma ilikuwa imejificha ndani kwa unene wa kidole cha mtoto. Tangu siku hiyo na mie natembea na uzi. Kazi za ujenzi zilipokwisha nilikuwa nimeshanunua kiwanja kule, lakini mguu ukakataa kukaa. Nikaja Sinza.

Sinza nilikutana na Mwenye Duka. Ukoo wake una asili ya Kiarabu, wamefanya biashara mjini hapa tangu kwa babu zake, na yeye alirithi duka la vipuri na baiskeli za mtumba, katikati ya gesti na baa, ambako mchana kunakuwa kimya na jioni hakusikilizani. Alinipa benchi, jiliwa la kubania vyuma, na kivuli cha baraza. Makontena yalikuwa yameanza kumletea baiskeli za kukunja: matairi madogo, usukani mrefu unaolala, na katikati ya fremu bawaba kama ya mlango, ili nusu ya mbele ikutane na nusu ya nyuma. Vijana wa Sinza walikuwa wanazicheka. "Mzee, hii ukiimwagia maji inakua?" Lakini watu wazima walizinunua, kwa sababu chumba cha kupanga kina nafasi ya kitanda na ndoo.

Ubaya wake ulikuwa gia. Zilikuwa zinakuja zimeshachoka huko zilikotoka. Nyuma, karibu na ardhi, huwa kunaning'inia kimkono chenye vigurudumu viwili vidogo, ambacho husukuma mnyororo kutoka gia moja kwenda nyingine. Kwenye baiskeli ya matairi madogo kimkono hicho kinakaribia kugusa mchanga. Mchanga wa mitaa yetu ukishaingia, mnyororo unaruka unavyotaka, na vipuri vyake havipatikani kirahisi. Nilimwambia Mwenye Duka tuzitoe gia, tufunge friwili moja, yaani ile gia ya nyuma inayoshika ukikanyaga na kuachia ukipumzika.

"Hapana, bwana," akasema. Alikuwa mtu mpole, hata kukataa alikataa kama anakukaribisha kahawa. "Mteja amenunua gia sita. Ukimrudishia moja, tano amezila nani?"

Nikarudi kwenye benchi langu. Duka lilikuwa lake.

Rehema alikuja wakati wa likizo fupi ya shule. Aliteremka kwenye bajaji na baiskeli yake imekunjwa, ameikumbatia kama mtu aliyebeba mgonjwa. Alikuwa ameinunua pale pale dukani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Imefanya nini?"

"Uliza haijafanya nini."

Alikaa kwenye benchi langu akaeleza. Alikuwa anaishi Boko, ndani ndani, na kupika kwenye shule moja ya bweni upande wa Tegeta. Mpishi wa uji lazima awe amewasha moto kabla watoto hawajaamka. Kila alipopita kwenye mchanga wa mtaani kwake mnyororo uliruka, akashuka, akaurudisha kwa mkono. Alifika amechelewa, na mikono imejaa grisi. Mkuu wa Jiko, mama mkali ambaye kila mtu shuleni alimwogopa akiwamo mwalimu wa nidhamu, alikuwa amemwambia maneno haya: "Mikono ya grisi haigusi unga wa watoto. Shule ikifunguliwa Jumatatu, ukija umechelewa au ukija mchafu, aproni iache getini, usiingie nayo."

"Kwa nini usitafute baiskeli kubwa tu, ngumu, isiyo na mambo mengi?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. "Niiweke wapi? Mama mwenye nyumba amekataza baiskeli ukumbini, anasema zinachubua rangi ya ukuta. Na shuleni mlinzi ana amri, baiskeli za wafanyakazi zisiingie. Siku ya kwanza alinisimamisha. 'Baiskeli haziingii.' Nikashuka, nikaikunja mbele yake. Akaizunguka, akaitazama, akasema, 'Haya, huo mzigo pitisha.' Mama mwenye nyumba naye vile vile. Mzigo hajaukataza."

Niliigeuza baiskeli juu chini nikaanza kuangalia, na hapo nikaona kitu kilichonifanya nimwite Mwenye Duka. Kwenye zile gia sita za nyuma, tano zilikuwa na kutu na vumbi lililogandana. Moja tu, ya katikati, ilikuwa inang'aa kama kijiko cha wageni.

"Mama, hizi nyingine unazitumia lini?"

"Mie sijui hata zinabadilishwaje. Nikigusa hako kadude kwenye usukani ndiyo inaruka zaidi."

Mwenye Duka aliinama, mikono nyuma, akatazama kwa muda. "Kumbe hizi tano nilizileta kutoka ng'ambo kwa matembezi tu," akasema. Kisha akanigeukia. "Toa. Lakini sikia, fundi. Mama huyu akipoteza kazi kwa ajili ya baiskeli iliyotoka duka hili, na wewe umeigusa, benchi hilo hutakaa tena."

"Nimekubali," nikasema.

Kabla sijafungua nati nilipanda hadi Boko kuiona njia yake, kwa sababu ya yale maswali ya Msimamizi wa Magari. Kutoka chumbani kwake ni mchanga mwepesi, kisha kokoto, kisha lami yenye kupanda kidogo, mwisho tambarare. Mchanga uko mwanzo, akiwa hana mzigo mgongoni na miguu haijachoka. Gia ile iliyong'aa ilikuwa na meno kumi na nane. Miguu ya Rehema ilikuwa imeshachagua kabla yangu, na baada ya kuiona njia nikakubaliana nayo.

Nikafungua friwili ya gia sita kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, nikafunga ya gia moja yenye meno yale yale kumi na nane. Nikatoa kile kimkono, waya wake, na kale kadude kwenye usukani. Nikalaza uzi. Kama nilivyotarajia, gia mpya ilikuwa imezama ndani, karibu na spoku, haitazamani na ya mbele. Mafundi wengi wangepinda kitu hapa. Mie nilihamisha washa, vile vipete vyembamba vya ekseli, kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, habu nzima ikasogea kulia, gia ikatoka nje ikakutana na mwenzake. Kwa kufanya hivyo rimu nayo ikasogea, ikawa inagusa breki, kwa hiyo nikaivuta irudi katikati kwa kukaza spoku za kushoto na kulegeza za kulia, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ni kazi ya subira, lakini gurudumu lililovutwa hivyo huwa na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani, kwa sababu spoku za pande zote mbili sasa zinabeba sawa.

Nikakata pingili zilizozidi. Nikavuta gurudumu, nikaweka kidole juu, nikatafuta panapokaza, nikauacha mnyororo upumue. Nikaipanda mwenyewe kuzunguka Sinza. Ilikuwa kimya kabisa. Wale vijana waliokuwa wanacheka wakauliza kama naweza kuwaazima.

Rehema alikuja kuichukua, akaipanda mbele ya duka, akarudi anatabasamu. Alipoondoka, Mwenye Duka alinitumia kahawa bila mie kuomba.

Jumamosi akarudi. Safari hii hakutabasamu. Alishuka kwenye bajaji na ule mzigo wake, akauweka chini mbele yangu, akaukunjua. Mnyororo ulikuwa nje ya gia, unaning'inia kama utumbo.

"Ilianguka?" nikauliza.

"Haijaanguka. Njiani inakwenda vizuri sijapata kuona. Nikiikunja na kuinyanyua, nikija kuikunjua, mnyororo uko nje. Kila mara. Nimejaribu nyumbani tangu juzi." Akanionyesha viganja. Vilikuwa vyeusi. "Fundi, umenitengenezea baiskeli, tena nzuri. Lakini mie baiskeli ninayo njiani tu. Nikifika mlangoni ni mzigo. Na mzigo wangu haujapona."

Mwenye Duka alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia benchi, akaingia ndani.

Nataka mlishike jambo hili, kwa sababu mji mzima tulikuwa tunalikosea. Fundi akimaliza baiskeli hufanya nini? Huipanda. Tumefanya hivyo tangu baba zetu, na kwa baiskeli nyingine inatosha. Baiskeli ya kukunja hupandwa asubuhi kidogo na jioni kidogo. Saa zote zilizobaki ni mzigo, na hakuna fundi aliyekuwa akijaribu mzigo. Mie niliyewapitia wakuu wote wale sikuwahi kukutana na mmoja aliyetengeneza kitu ambacho nusu ya maisha yake kimelala ubavu.

Nikamwambia Rehema, "Ikunje kama unavyoikunja kwako. Usinifanyie taratibu." Nikachuchumaa nikatazama. Aliikunja fremu kwenye bawaba, pedali ikagusa sakafu na kuzunguka kinyumenyume. Akaishika kwenye kiti, akainyanyua, ikalala ubavu dhidi ya paja lake. Nikauona mnyororo ukiteleza kwenye meno ya mbele, pole pole, ukatoka. Nikamwomba arudie. Ukatoka tena.

Kile kimkono nilichokitoa kilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kubadilisha gia, na hiyo Rehema hakuihitaji. Ya pili ni springi yake, ambayo ilikuwa inakula ulegevu wote wa mnyororo, baiskeli iwe imesimama, imelala au imepinduliwa. Nilitupa kazi ya pili pamoja na ya kwanza.

Njia ya mkato ilikuwa kuukaza mnyororo. Ungekaa. Ungekaa wiki mbili, ukalia, ukala gololi za habu, na siku moja ungekatika kwenye ule mchanga. Na mie ningekuwa nimemtoa kwenye shida ya Jumatatu hii nikamtupa kwenye ya Jumatatu nyingine. Mnyororo lazima upumue, basi. Ila ukishapumua usiwe na mahali pa kwenda.

Nilikwenda kwa wauza chuma chakavu nikatafuta sufuria kubwa la alumini lililopasuka, lile la kupikia shughuli, kwa sababu kitako chake ni kinene na tupa inakikubali. Nikakata sahani mbili za duara, zote kubwa kidogo kuliko gia ya mbele. Nikaitoa gia, nikaweka sahani moja upande wa nje na nyingine upande wa ndani, meno yakawa katikati, nikafunga kwa bolti ndefu. Sahani ya ndani ilikuwa inagusa fremu. Nikaipunguza kwa tupa, nikajaribu, nikaipunguza tena, mpaka ukucha ukapita. Kingo nikazilainisha zisikate mguu wa mtu. Sasa mnyororo ulikuwa unatembea ndani ya mfereji. Unaweza kulegea, unaweza kurudi nyuma, unaweza kulala ubavu. Ukuta uko kulia na ukuta uko kushoto.

Rehema alikuwa amekaa muda wote huo anatazama, chakula cha mchana hakukigusa. Nilipomaliza sikuipanda. Nilimkabidhi nikasema, "Jaribu mzigo."

Akaukunja. Akaunyanyua, akauweka begani, akaushusha. Akaukunjua. Mnyororo uko mahali pake. Akarudia haraka zaidi. Akaulaza chini, akauburuta, akausukuma kwa mguu, akaubwaga sakafuni kwa kishindo hadi Mwenye Duka akatoka ndani.

"Taratibu, mama, hiyo si ngano ya kupura."

"Niache, Mzee. Jumatatu mlinzi hataunyanyua taratibu."

Akaukunjua. Uko pale pale. Alinyoosha viganja vyake, alikuwa ameshanawa, akavigeuza juu na chini. Vilikuwa vyeupe.

Jumatatu ikafika. Sikusikia kitu. Jumanne kimya. Rehema hakuwa na namba yangu, na mie sikuwa na yake. Kila bajaji iliyosimama mbele ya duka niliinua kichwa. Mwenye Duka alikuwa akipita nyuma yangu na kusema, "Kimya hicho, fundi," bila kusema ni kimya gani. Usiku nilikuwa naifungua na kuifunga baiskeli ile kichwani. Sahani ya ndani, je, imelegea? Mlinzi, je, ameibadilisha amri? Nilimwona Rehema getini anavua aproni. Mwezi ukaisha hivyo.

Kisha siku moja alikuja, akiwa juu ya baiskeli yake, kwa raha zake, akasimama mbele ya benchi.

"Shikamoo, fundi. Nina shida ya mipira ya breki, imeisha."

Nikasimama. "Mama, wewe kazi unayo?"

Akanishangaa. "Ninayo. Kwa nini nisiwe nayo? Mkuu wa Jiko ameniachia funguo za stoo ya unga, siku hizi natangulia kuliko yeye."

"Sasa mbona hukuja kunieleza? Nimekaa hapa mwezi mzima roho juu."

"Nije kukueleza nini, fundi?" akasema. "Ningekuja, ingekuwa imeharibika."

Mwenye Duka alicheka mpaka akakaa chini. Mie nilifunga mipira ya breki nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu uso wangu ulikuwa umenishinda.

Tangu siku ile kazi hiyo ikawa ndiyo kazi yetu. Wapishi walikuja, wakaja walinzi wa zamu, wakaja wauguzi. Mwenye Duka, yule yule aliyeuliza tano amezila nani, alianza kuwauliza wateja, "Unataka ya gia, au unataka Rehema?" Jina likashika. Ukienda Sinza leo ukaomba Rehema, utapewa baiskeli ya kukunja ya gia moja yenye sahani mbili, na aliyekuuzia huenda hajui kwamba Rehema ni mtu. Nilitengeneza nyingi, na hakuna iliyotoka kwenye benchi langu kabla mwenyewe hajaikunja, kuinyanyua na kuibwaga. Mie niliyewaaga wakuu wote kabla hawajanizoea, pale nilikaa mpaka macho yakakataa kuona nafasi ya ukucha kati ya sahani na fremu. Siku hiyo nilirudisha jiliwa, nikamshika mkono Mwenye Duka, nikaondoka. Fundi asiyeiona ile nafasi asimdanganye mtu.

Sasa nakaa Kinyerezi, kwenye kile kiwanja changu. Watu huniuliza kama siwakumbuki wateja. Nawaambia wateja wangu wazuri ni wale nisiowaona. Nyie mnaoanza, mtasumbuliwa na kimya kama kilivyonisumbua mimi, mtataka mtu arudi kuwasifu. Zoeeni. Anayerudi kesho yake amekuja na mnyororo mkononi.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama nje ya geti langu. Akapita kijana juu ya Rehema kuukuu, rangi imebanduka, lakini nikaziona zile sahani, na kwenye ile ya nje nikaitambua alama ya tupa yangu. Mnyororo hausikiki. Alikuwa anawahi mahali, anatazama mbele, akanipita karibu kabisa bila hata kunipa shikamoo.

Nikaingia ndani nikamwambia mke wangu leo nimefurahi sana.